Nenda Birere na CD yako mbaya kuliko zote

Ukipita Birere mchana, zile seti za sinema ya nyumbani unazisikia kabla ya kuziona. Mabafle matano yamepangwa mlangoni, lile kubwa la besi liko chini yake, taa za buluu zinawaka na kuzimika, na ndani inacheza CD ya muziki, mpya kabisa, haina hata alama ya kidole. Kwenye katoni imeandikwa wati 1200, kwa herufi kubwa kuliko jina la kiwanda. Novemba 2024 nilinunua moja ya hizo kwa dola 85, pesa ya miezi miwili ya kupima mashamba ya watu. Leo naandika kuikosoa, na kukosoa pia namna sisi tuliosoma tunavyochagua vitu, ju siku ile nilichagua kama mtu ambaye hajawahi kuingia darasa la takwimu.

Neno moja kwanza. Hapa Goma tunasema "lecteur". Watanzania wanasema deki, na mimi nitaandika deki, ju ni fupi. Na kama kawaida yetu, kila kitu cha duara chenye kung'aa nitakiita CD, hata kama ni DVD, isipokuwa pale tofauti inapohitajika.

Najua jibu la wengi wenu: CD imekufa, weka filamu kwenye flash, maliza. Kwa kijana anayeishi peke yake na simu yake, sawa. Lakini ingia nyumba ya wazazi, iwe Katindo, Mabanga au Ndosho, fungua lile kabati chini ya televisheni. Utakuta harusi, mahari, matanga, ubatizo, kwaya ya parokia, siku mtoto wa kwanza alipopewa diplome. Kwa miaka mingi mpiga video wa mtaa alifanya kazi hivi: anakuja na kamera, wiki tatu baadaye anakuletea CD mbili kwenye mfuko wa plastiki, anafuta kanda yake ili aitumie kwa harusi nyingine. Hizo picha haziko kwenye intaneti na hazitakuwepo. Ziko kwenye ile CD moja. Kuna deki inayoisoma au hakuna.

Sisi tuko na kumi na moja. Mama anazifunga ndani ya kipande cha kitenge pamoja na vyeti vya kuzaliwa na karatasi za kiwanja. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipopasuka, ule mfuko ulitoka naye. Tarehe 27, serikali ilipoamuru mitaa kumi ya Goma iondoke, ulienda naye mpaka Sake, kwa mguu, chini ya sufuria. Zilirudi zote kumi na moja, lakini zilirudi zimekwaruzika. Moja kati yake ni mahari ya dada yangu mkubwa, mwaka 2011. Ndani yake papa anasimama, anakohoa, anawasemesha wakwe kwa dakika kama nane hivi. Papa alifariki 2016. Hatuna sauti yake popote pengine.

Machi 2025, siku ya kumbukumbu yake, mama aliniletea ile CD. Mimi nilijivuna, nikawasha seti yangu yenye mabafle matano. Trei ikaingia. Mashini ikazunguka, ikapumua, ikazunguka tena, halafu kwenye kioo ikaandika kwamba hakuna CD ndani. Nikaitoa, nikaipanguza, nikairudisha. Hakuna CD. Mama alikaa pale na kitenge chake magotini. Akauliza, bila kasirani: "Mwanangu, hii mashini yako haimujue papa yako?"

Njo maana nasema nilichagua vibaya. Nilinunua sauti, na kilichohitajika nyumbani kilikuwa jicho. Deki yoyote, ya dola 20 au ya dola 300, kazi yake ya kwanza ni kusoma. Ndani kuna kitaa chekundu cha laser na lenzi ndogo kuliko punje ya muhindi. Kama lenzi hiyo ni dhaifu, mengine yote ni mapambo. Na hakuna katoni hata moja pale Birere inayosema chochote kuhusu lenzi.

Tuangalie basi katoni inasema nini, ju hapo ndipo tunadanganywa na tunakubali kudanganywa.

Wati 1200. Karibu na ile namba kuna herufi ndogo, PMPO. Hicho ni kilele kinachodaiwa kufikiwa kwa kipande kidogo cha sekunde, na hakuna kanuni moja inayowafunga watengenezaji wote katika kukihesabu. Nguvu ambayo bafle linaibeba muda wote huandikwa RMS, na mara nyingi haiandikwi kabisa. Lakini kuna njia rahisi ya kuifahamu. Geuza kisanduku, soma kibandiko cha nyuma, mahali panapoonyesha umeme kinachokula. Changu kimeandikwa wati 60. Kitu kinachokula wati 60 hakiwezi kutoa 1200 kwa saa mbili za filamu, hata ukikiombea. Sisi wa agronomia tungeliona hili mapema, ju tumeuziwa mifuko ya mbegu yenye picha ya muhindi mnene kama mkono, na tulifundishwa kuigeuza mifuko hiyo na kutafuta kiwango cha kuota na tarehe. Mfuko niliugeuza mara mia. Seti sikuigeuza.

Mabafle matano. Hapa sitaki kuwa mtu wa kudharau furaha ya wengine. Sauti inayokuzunguka ni kitu kizuri, kama CD ina njia tano za sauti ndani yake na njia ya sita ya besi. DVD ya kiwandani mara nyingi iko nayo. Lakini tujiulize, kwa ukweli, tunaangalia nini. Tunaangalia filamu zilizotafsiriwa: agasobanuye za ng'ambo ya mpaka, za DJ Afro wa Kenya, zile za zamani za Lufufu wa Tanzania ambazo wakubwa wetu wanazikumbuka bado. Katika hizo, sauti ya mtafsiri imewekwa juu ya sauti ya filamu, na vyote viwili vimebanwa pamoja. Zikiwa kwenye VCD, picha ni pikseli 352 kwa 288 na sauti ni stirio tu. Zikiwa nane kwenye DVD moja ya gigabaiti 4.7, hesabu mwenyewe: kila filamu imepata chini ya megabaiti 600. Mabafle ya nyuma hayana cha kusema hapo. Yanarudia tu yale ya mbele, na sauti ya mtafsiri inatoka pande zote kama sauti ya mwizi aliyejificha. Kwa filamu za namna hii, mabafle mawili mazuri yanashinda matano ya plastiki. Mtafsiri unamsikia neno kwa neno, na yeye ndiye nusu ya filamu.

Halafu kuna ile stika ya dhahabu: 1080. Deki inajigamba kwamba inapandisha picha ya DVD mpaka kiwango cha televisheni mpya. DVD ya PAL ina pikseli 720 kwa 576. Televisheni yenye 1920 kwa 1080 ina pikseli mara tano ya hizo. Zile nne za ziada hazikuwepo kwenye CD, kwa hiyo mashini inazikisia kutokana na jirani zake. Na hata deki isipofanya hivyo, televisheni yenyewe itafanya, ju ni lazima ijaze kioo chake. Faida ya kweli ya kebo ya HDMI ni nyingine: ni kebo moja, na televisheni nyingi mpya hazina tena zile tundu tatu, njano, nyeupe na nyekundu. Za zamani, zile za mgongo mkubwa, hazina HDMI. Kabla ya kutoka nyumbani piga picha mgongo wa televisheni yako. Niliwahi kumuona mtu anarudi kutoka mjini hadi Kyeshero na deki ambayo haina mahali pa kuingia.

Lakini kosa kubwa la hizi seti ni jinsi zilivyojengwa. Deki, kikuza sauti na redio vimefungwa ndani ya kisanduku kimoja, na mabafle yana vichomeko ambavyo mara nyingi havikubali mashini nyingine. Lenzi ikichoka, ambayo ndiyo huchoka ya kwanza, unabaki na redio ya dola 85. Kwa pesa hiyo hiyo ungepata deki ya peke yake, na mabafle mawili yenye kikuza sauti ndani yake, na chenji ya moto ya kukurudisha. Deki ikifa unabadilisha deki. Bafle likipasuka unabadilisha bafle. Fundi wa mtaa naye anaifungua deki ya kawaida bila kuogopa, na lenzi za deki za kawaida anaweza kukutafutia kwenye mashini zilizokufa. Kwa seti yangu fundi aliangalia, akatikisa kichwa, akaifunga tena. Hakunilipisha. Nilielewa.

Na pesa yenyewe. Mnajua tulivyo. Tangu benki za Goma zilipofunga milango mwishoni mwa Januari 2025, dola iliyo mkononi imekuwa na uzito mwingine, na kosa la dola 85 halirekebishwi mwezi unaofuata. Zamani ningesema nimejifunza, nitanunua nyingine. Sasa nilikuwa na redio, na mama alikuwa na CD.

Kuna mambo mawili ya hapa kwetu ambayo hakuna katoni itakueleza. La kwanza ni umeme. Sitaji kampuni, kila mtaa uko na ya kwake na kilio chake, lakini volti inapanda na kushuka, na moto ukirudi unarudi kwa kishindo. Tafuta kibandiko kinachosema volti 100 hadi 240. Kikisema 220 peke yake, ongeza bei ya kile kisanduku cha kusawazisha umeme, ju utakihitaji. Deki ya peke yake inakula wati 10 au 15 hivi, kwa hiyo hata nyumba yenye paneli moja ya jua na inveta ndogo inaiendesha. Seti nzima na besi lake, hapana.

La pili ni vumbi. Tunaishi juu ya mawe ya Nyiragongo, mvua ikikatika wiki mbili barabara inapanda na kukaa juu ya meza. Ile vumbi nyeusi ni mawe yaliyosagwa. Inakwaruza CD na inakaa juu ya lenzi. Deki yenye trei inayofungwa vizuri ni bora kuliko zile zenye kinywa wazi cha kumeza CD. Ifunike kitambaa ikiwa imezimwa tu, na usiiweke juu ya kikuza sauti chenye joto. CD yenyewe ipanguzwe kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, mstari ulionyooka. Tunavyofanya wengi, kuzungusha kama anayeosha sahani, tunaongeza mkwaruzo unaofuata njia ile ile ya data, na huo ndio mbaya zaidi.

Flash nitapita haraka. Tundu la USB ni zuri, lakini muulize muuzaji inasoma nini. Deki nyingi za bei nafuu zinasoma AVI za aina ya zamani, halafu unaleta filamu iliyopakuliwa juzi na inakuambia haiijui. Flash iwe katika mpangilio wa FAT32, ambao haukubali faili moja kuzidi gigabaiti 4. Na kama una ndugu Brussels au Paris anayekutumia DVD za dukani, kumbuka kwamba za kule ni za ukanda wa 2 na Kongo iko ukanda wa 5. Deki inayofuata kanuni itazikataa. Nyingi za bei nafuu hazifuati kanuni, na kwa mara moja ukosefu wa nidhamu unatusaidia.

Blu-ray? Ilitoka 2006, ina laser ya rangi nyingine kabisa, picha yake ni nzuri kweli. Lakini mimi sijui mtu Goma mwenye CD tano za Blu-ray. Ukikuta deki yake iliyotumika kutoka Ulaya kwa bei nzuri, inasoma DVD vizuri, ila jaribu VCD kwanza, ju nyingi hazizitaki. Vilevile ile PlayStation 2 ya mdogo wako inasoma DVD na haisomi VCD. Iko nyumbani tayari, haina bei.

Sasa jambo lenyewe nililotaka kusema. Muuzaji anakuonyesha mashini yake kwa CD yake. Ile CD ni mpya, ya kiwandani, imechaguliwa. Hata deki mbovu inaisoma. Ni kama kuonyeshwa aina ya maharage kwenye bustani ya kituo cha utafiti, yenye mbolea na maji, halafu wewe unakwenda kuipanda kwenye kilima cha Masisi kilichochoka. Mkulima mwenye akili anaomba mbegu kidogo anaijaribu kwenye kona mbaya ya shamba lake. Ikiota pale, itaota popote.

Kwa hiyo nenda Birere na CD yako mbaya kuliko zote. Siyo ile ya thamani, usije ukaipotezea dukani, ila dada yake: ya umri ule ule, iliyochomwa kwa kompyuta na mpiga video yule yule, yenye mikwaruzo. Omba iwekwe. Hesabu sekunde mpaka picha itokee. Usiridhike na mwanzo, ju CD inasomwa kutoka katikati kwenda nje, na mwanzo ni sehemu iliyo salama. Ruka mpaka dakika za mwisho, kule ukingoni ambako vidole na mawe hupita, na angalia pale kwa dakika tano. Fungua na ufunge trei mara kumi. Teremsha sauti usikie kama mabafle yananguruma yenyewe. Chomoa waya, rudisha. Muuzaji atachoka. Wangu wa pili alichoka kabisa: "Bosi, uko nanunua ao uko nafanya ekzamini?" Nilimwambia vyote viwili. Muuzaji akikataa CD yako isiingie kwenye mashini yake, umeshapata jibu kuhusu mashini, asante, unaendelea duka la pembeni.

Nilipitia maduka manne. Deki iliyosoma mpaka mwisho ilikuwa ya dola 22, nyeusi, nyembamba, haina taa hata moja ya buluu. Ya dola 40 pembeni yake ilikwama dakika ya 51. Sisemi ya bei ndogo ni bora, duka lililofuata ya dola 18 haikusoma chochote. Nasema tu kwamba bei haikunionyesha lolote, na CD mbovu ilinionyesha ndani ya robo saa.

Ile ya mahari haikuingia kwenye deki mara moja. Kwanza rafiki mwenye kompyuta yenye trei ya CD aliinakili nzima, kwa programu inayorudia kusoma sehemu ngumu mara nyingi bila kukata tamaa. Ilichukua usiku mzima na nusu ya siku, ju umeme ulikatika mara mbili. Zilitoka dakika zote isipokuwa kama nne, na hizo nne ni za chakula, wageni wanakula. Nakala moja iko kwenye diski ya nje nyumbani kwa dada, nyingine kwenye CD mpya iliyoandikwa tarehe, inakaa gizani, ju rangi ya ndani ya hizi CD za kuchoma haipendi joto wala jua.

Tuliiangalia Jumapili kwenye ile deki ya dola 22, na mabafle mawili ya mezani. Papa alisimama, akakohoa. Mama alisema niongeze sauti kidogo.

Mpaka leo tumenakili tisa. Mbili bado zinakataa: ubatizo wangu, na moja isiyo na jina ambayo hakuna anayekumbuka ni ya nini. Nitajaribu tena Jumamosi, umeme ukikaa.